Ndama ya Nyar Magunga

Machi 9

Mvua imeanza leo. Rael ameniambia kwa simu niwe naandika, kwa sababu kuongea nimeshindwa. Alisema, "Omera, ndugu yangu, wewe vitu unaona, lakini mdomo yako imefungwa kama kisiagi ya unga siku ya Jumapili." Niliacha shule darasa la sita. Makosa yakiwa hapa yakae tu.

Nitaanza na ng'ombe, kwa sababu maneno yote iko kwa ng'ombe.

Rael ni dada yangu mkubwa. Aliolewa Magunga, upande wa Homa Bay, na bwana anaitwa Elvis. Ng'ombe za mahari yake zilifika hapa Ogwedhi zikapita, zikaenda kuoa bibi ya ndugu yetu wa kwanza. Ilibaki moja tu, gredi, ng'ombe ya kizungu, nyekundu na mabaka meupe. Ilikuja na lori ikiwa ndama kubwa. Tuliiita Nyar Magunga, vile Wajaluo wanaita mwanamke kwa jina la kwao. Huko Magunga nao wanamwita Rael Nyar Ogwedhi. Mama yetu alikuwa Mjaluo, na mzee, baba yetu, ni Mkuria, kwa hiyo nyumbani tulikuwa tunakutana katikati, kwa Kiswahili. Mama akafa, Kiswahili ikabaki.

Sasa Elvis anampiga Rael. Mwaka jana wazee wa pande mbili walikaa chini wakakata maneno: ile ng'ombe ya gredi ikirudi Magunga, Rael yuko huru kurudi kwao. Ni hivyo tu. Ng'ombe aende, dada arudi.

Lakini mzee bado hajarudisha ng'ombe. Nyar Magunga alipandwa na fahali ya hapa, ana mimba, na mzee anasema ndama iliyotengenezwa kwa boma yake ni yake. Azae kwanza. Ndama ibaki, mama yake aende. Atazaa mvua ikiwa inaisha.

Na Rael akae huko mpaka ng'ombe azae? Hiyo swali niliuliza ndani ya tumbo.

Machi 10

Mvua. Tumelima na maksai mpaka jembe ikakwama.

Machi 15

Leo ilikuwa siku ya kumpiga Nyar Magunga dawa ya kupe. Tangu afike hapa hajawahi kukosa, kila wiki mimi na pampu. Nilikuwa nimeshachanganya maji, Monari akaingia kwa boma. Monari ni jirani yetu. Ndiye mtu ya kuchoma magonjwa ya ng'ombe na chuma ya moto, watu wanamfuata mpaka kutoka upande wa Wamasai. Alisimama akaangalia pampu, akaangalia tumbo ya ng'ombe.

"Mzee Wangwe," akamwambia baba, "wewe unataka ndama ama unataka kutoa mimba?"

"Kwa nini?"

"Hiyo dawa inaua kupe na ngozi yake ngumu. Mtoto ambaye hata ngozi hana, itamwacha?"

Mzee akafikiria. Akaniambia, "Werema, rudisha pampu kwa stoo. Tutamwosha akishazaa."

Nilitaka kusema kitu. Niliangalia maji ya dawa ikiwa nyeupe kwa ndoo, halafu nikaimwaga.

Machi 22

Nimeona kupe ndani ya masikio yake, zile za rangi ya kahawia. Nikamwambia mzee, "Mzee, masikio imejaa."

"Wewe huna vidole?"

Nimetoa na vidole.

Machi 23

Nimetoa.

Machi 30

Siku ya soko hapa Ogwedhi. Ng'ombe za kutoka Narok zinapita kwa njia yetu, zinalala kwa majani yetu, zinaacha zawadi yao. Nimetoa kupe asubuhi na jioni. Ukitoa kumi, kesho ni kama umepanda.

Aprili 4

Phanice amekuja. Ni daktari wa mifugo wa kuzunguka, msichana bado, anaendesha pikipiki yake mwenyewe na gamboti. Alikuwa anapima ng'ombe za majirani, mzee akamwita apime mimba.

Akaniuliza, "Jina?"

"Werema."

"Si wewe. Ng'ombe."

Monari alikuwa hapo kwa ua. Alicheka mpaka akashika mti. Mimi nilitaka kuingia chini ya ng'ombe.

Alivaa glavu ndefu mpaka bega, akaingiza mkono, akafunga macho kama mtu anasali. Alipotoa akasema, "Iko vizuri. Iko hai na ina fujo." Halafu akanishika mkono, akaukunja ngumi, akausukuma kwa mbavu ya kulia, chini. "Subiri hapo."

Nikasubiri. Kitu ikanisukuma kutoka ndani. Ngumu, kama goti.

Sikuachilia haraka. Phanice akaniona vile nimeshangaa, akaanza kuniambia. Alisema ndama hiyo ilianza ikiwa kitu moja ndogo, seli, huwezi kuiona na macho. Ikajigawa mbili. Zile mbili zikawa nne. Zikaendelea hivyo, zote zinafanana kama unga. Halafu ikafika mahali zikaanza kuachana njia. Zingine zikaenda kuwa moyo, zingine ngozi, zingine kwato.

Nikauliza, "Nani anaziambia?" Mgeni sijawahi kumuuliza swali ndefu kama hiyo.

"Zinaambiana zenyewe. Kila moja inasikia jirani yake inafanya nini, ndiyo inajua kazi yake ni gani. Na ikishakuwa kwato, imekuwa kwato. Hairudi kuwa unga."

Monari akasema, "Basi kwato ina bahati, iliambiwa. Mimi hakuna mtu aliniambia kitu, nikajipata Monari tu."

Hata mzee alicheka.

Phanice akipanda pikipiki akaangalia masikio ya Nyar Magunga. Akauliza, "Mnamwosha lini?" Mzee akasema, "Tunamwosha." Phanice akaniangalia mimi. Niliangalia viatu vyangu.

Aprili 5

Nimefikiria hayo maneno siku nzima nyuma ya maksai. Rael naye alikuwa msichana wa kuimba kanisani, sauti ya kwanza, na alikuwa anataka kushona nguo. Halafu siku moja akawa bibi ya mtu. Sijui ni jirani gani alisikia.

Aprili 12

Palizi. Mvua ya mawe kidogo.

Aprili 18

Rael amepiga simu. Alikuwa anaongea polepole kama mtu ana chakula mdomoni. Aliuliza Nyar Magunga anaendelea aje. Nikamwambia tumbo imeshuka, ndama inacheza. Akasema, "Mwambie aharakishe." Tukacheka. Halafu akakata.

Aprili 27

Rael amefika. Alitembea kutoka stendi na mvua, begi ya plastiki kichwani. Jino ya mbele haiko. Anafunika mdomo na leso akiongea, hata akiwa na mimi.

Mzee alimwangalia akatoka nje. Alikaa karibu na maksai kwa muda. Aliporudi akasema, "Utakaa mpaka ng'ombe azae. Tukimpeleka, imeisha."

Rael akasema, "Mzee, si mumpeleke sasa na tumbo yake. Mimi ndama sina haja nayo."

"Ndama ni ya boma hii."

"Na mimi?"

Mzee akasema ugali inapoa.

Zamani nilikuwa naogopa mzee kwa sababu nilifikiri anajua vitu. Leo niliona ni mtu anahesabu tu, na hesabu yenyewe hajui itatoka ngapi.

Aprili 30

Rael amenisaidia kutoa kupe. Yeye anatoa akiimba.

Mei 6

Nyar Magunga hajamaliza majani.

Mei 7

Nimeshika shingo yake. Chini ya sikio kuna uvimbe kama yai ya kuku. Mbele ya bega kuna ingine. Mwili ni moto. Nimemwambia mzee, akaja akashika, akasema, "Muite Monari."

Mimi nilisema, "Ama Phanice." Nilisema kweli, lakini nilisema kidogo, na mzee alikuwa ameshageuka.

Mei 8

Monari alikuja na chuma zake. Aliwasha moto ya mkaa kwa boma, akaziacha mpaka zikawa nyekundu. Mimi na ndugu yetu wa kwanza tulishika kamba, Rael akashika kichwa, amefunika macho ya ng'ombe na leso yake. Hiyo leso ya mdomo. Kila mtu aliona lile pengo na hakuna mtu alisema.

Monari alichoma chini ya masikio, halafu mbele ya mabega, mistari na mistari. Moshi ya nywele. Nyar Magunga alilia mara moja halafu akanyamaza, akatetemeka tu, na tumbo yake ikawa inaruka upande moja. Ndama ilikuwa inasikia.

"Ugonjwa ni mjinga," Monari akasema. "Ukiuchomea nyumba unahama."

Mei 9

Amekula. Amekunywa maji ndoo nzima. Mzee amemtumia Monari jogoo.

Mei 10

Amekula kidogo. Rael ameanza kusema vile atanunua cherehani iliyotumika, akae hapo Uriri sokoni, ashone sare za shule. Anapanga mpaka rangi ya pazia.

Mei 11

Elvis amekuja.

Nilikuwa nampenda Elvis, niandike ukweli. Siku ya arusi yeye ndiye aliniona nimejificha nyuma ya tanki ya maji akaniletea soda mwenyewe. Leo pia alikuja na samaki amefunga kwa gazeti, na sukari, na kicheko. Alisalimia mzee na mikono miwili. Rael alikuwa jikoni, hakutoka.

"Shemeji," akaniambia, "nipeleke nione ng'ombe yangu."

Nyar Magunga alikuwa amelala. Macho yanatoa maji. Mistari ya Monari imekauka juu, lakini chini yake uvimbe umerudi, mkubwa kuliko kwanza. Elvis alichuchumaa akaweka mkono kwa pua yake.

"Huyu mbona analia? Mmemchapa?"

Akafuata mistari na kidole.

"Mmemchoma," akasema. "Eh. Na mimi ndiye naitwa mtu wa mikono."

Alirudi kwa nyumba akakaa na mzee, na mimi nilisikia kutoka mlangoni. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema, "Mzee, mimi si mtu mbaya. Ng'ombe ikifika Magunga kwa miguu yake, tumeachana vizuri, nitamsalimia Rael njiani kama dada. Ikikufa hapa kwako, basi hakuna kitu kimerudi. Bibi yangu atakuwa bado ni bibi yangu. Si ndiyo wazee walisema?"

Mzee akasema ndiyo walisema.

Alipoenda, Rael alichukua samaki akawapa mbwa. Wote. Hiyo ngege ilikuwa kubwa.

Mei 13

Nyar Magunga anakohoa. Mzee anakaa naye na tawi akifukuza nzi. Nilimwomba niende Uriri. Hakukubali wala hakukataa, nikaenda.

Nilisimama nje ya agrovet ya Phanice, duka yake ya dawa ya mifugo, kwa muda mrefu. Watu waliingia wakatoka. Kila wakati nilikuwa na maneno tayari, halafu mtu mwingine anaingia, maneno yanarudi. Mwishowe yeye mwenyewe akatoka kumwaga maji akaniona.

"Wewe ni yule wa Nyar Magunga. Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Hapo umesimama kumekauka na kwingine kote kumelowa." Akaweka ndoo chini. "Amekuwa mgonjwa tangu lini?"

Nikamwambia yote. Pampu, masikio, chuma. Alisikiza akiwa ameshaanza kufunga begi.

Tulirudi na pikipiki yake, akamdunga Nyar Magunga sindano mbili. Alipima joto, akaangalia kipimo, akakirudisha bila kunionyesha. Ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Mzee akamuuliza kwa nini ng'ombe za kienyeji zinakaa na hizo hizo kupe na hazifi. Phanice akasema zile zimeumwa tangu zikiwa ndogo, mwili umejifunza. "Huyu mlimwosha kila wiki, hajawahi kujifunza. Halafu siku moja mkaacha kabisa, mkamwachia kupe zote."

Mzee akasema, "Niliogopea ndama."

"Najua, baba. Watu wengi wanaogopa hivyo."

Akaniita kando nimshikie ng'ombe, akaweka mkono wangu kwa uvimbe. Akasema ndani ya mwili kuna seli za askari, kazi yao ni kupigana na ugonjwa. Kupe inatema mdudu mdogo sana, anaingia ndani ya askari mwenyewe. Anamshika akili. Askari anaanza kujigawa, mbili, nne, nane, kama mtoto wa tumboni vile alianza. Na kila akijigawa, mdudu naye anajigawa pamoja naye.

"Halafu zinakuwa nini?" nikauliza.

"Haziwi kitu. Zinazidi tu. Ndiyo hii umeshika."

Nilihamisha mkono nikaweka kwa mbavu, pale pa siku ile. Ndama ilisukuma, lakini kidogo. Kwa ng'ombe moja, hapa seli zinajigawa zinakuwa kwato, hapa zinajigawa haziwi kitu. Na damu ya kulisha wote ni ile ile.

"Atapona?" Rael akauliza kutoka nyuma. Sikujua yuko.

Phanice alifunga begi yake zipu mbili. "Ningeitwa wakati uvimbe ulikuwa kama yai," akasema. "Sasa tuangalie."

Mei 14

Anapumua na mdomo.

Mei 15

Rael amelala kwa boma na gunia. Anamwambia, "Nyar Magunga, simama. Simama tu. Hata ukifika kwao ukaanguka mlangoni, wewe fika." Povu nyeupe inatoka kwa pua. Rael anapangusa, inatoka.

Mimi niko hapo nimeshika taa na mkono mwingine sina kazi nao.

Mei 16

Amekufa asubuhi mvua ikinyesha. Alinyoosha miguu, akaangusha kichwa kwa goti ya Rael. Mzee alivua kofia.

Watu walikuja na visu. Phanice alikuwa amesema nyama yenye dawa isiliwe, nikamwambia mzee, mzee akawaambia, wao wakasema moto inaua kila kitu. Monari pia alikuja. Alisimama mbali. Nilikuwa nataka kumchukia lakini alikuwa amezeeka tangu juzi.

Walipofungua tumbo waliitoa ndama wakaiweka kwa majani. Hiyo hawali. Wakaendelea na kazi yao, na mimi nikachukua ndama nikaenda nayo kwa ua.

Ilikuwa tayari. Hiyo ndiyo naandika. Ilikuwa nyekundu na mabaka, kama mama yake. Nywele ya macho ilikuwa imeota, ndefu, imelowa. Ulimi iko. Nikafungua mdomo, meno madogo yameshatokeza. Kwato zilikuwa na kitu laini ya njano chini, kama zimevishwa soksi zisimchome mama. Chini ya tumbo kulikuwa na chuchu nne, kila moja kama punje ya mahindi. Zote zilikuwa zimesikia, zote zilikuwa zimeenda pahali pao. Hakuna hata moja ilikosea.

Nilichimba shimo peke yangu.

Mei 19

Elvis amesikia ng'ombe imekufa, ametuma ujumbe kwa simu ya mzee. Anakuja kesho kutwa ama Rael arudi mwenyewe, vyote ni sawa.

Rael aliuliza mbele ya sisi wote. Alitoa leso kwa mdomo kwanza, aulize vizuri. "Mzee, na maksai? Mbili za kienyeji, hawezi kukubali?"

Mzee aliangalia nje. Maksai walikuwa wanakula, wamenona. "Anaweza kukubali," akasema.

Tukangoja.

"Halafu tutalima na nini?"

Rael aliniangalia. Mimi ndiye nalima na hao maksai. Nilikuwa naweza kusema nitalima na jembe ya mkono. Maneno yalikuwa tayari, hata sasa yako tayari, nayaona hapa. Ndugu yetu wa kwanza akakohoa, akaanza kuongea juu ya mbolea, na maneno yakarudi.

Mzee si mtu mkali. Nilikosea miaka yote. Anaogopa tu, kama mimi.

Mei 20

Nimeenda kwa mzee asubuhi nimwambie nitalima na mkono. Alikuwa anafunga kamba mpya kwa maksai. Akasema, "Unataka nini?" Nikasema, "Chumvi imeisha."

Mei 21

Nimempeleka Rael mpaka stendi. Hakutaka kungoja mtu aje kumchukua kama mzigo. Nilibeba begi yake. Njiani alisalimia kila mtu kwa jina na kuuliza watoto. Mvua haikunyesha, njia imeanza kukauka, na ng'ombe za Narok zimeacha alama za kwato kila mahali.

Mtu wa boda alianza kufunga begi na mpira.

"Werema."

"Eeh."

"Ile ndama. Ilikuwa dume ama jike?"

Hakuna mtu mwingine alikuwa ameuliza. "Jike," nikasema.

Alifunga leso vizuri kwa mdomo, akakunja sketi akapanda.

"Basi ni sawa," akasema. "Amepumzika."

Mei 29

Mahindi imetoa ndevu. Mzee ameniambia nitoe pampu kwa stoo. Nimewapiga maksai dawa wote wawili, mgongo, tumbo, chini ya mkia, mpaka ndani ya masikio.